Muziki mzito kwenye gari la zamani: Anza na altaneta, si spika

Mfanyabiashara mdogo anapoachana na baiskeli au pikipiki ya kukodi na kununua gari lake la kwanza, mara nyingi huwa ni gari lililokwisha kufanya kazi miaka mingi: Toyota Corolla ya miaka ya 1990, Hilux ya dizeli iliyopita mikono mitatu, au Hiace iliyong'olewa viti vya nyuma ili ibebe mzigo. Na mara nyingi, kabla hata ya kubadilisha matairi, mwenye gari, hasa akiwa kijana, huanza kuulizia bei ya amplifaya na sabufa.

Si jambo la kubeza. Anayetoka nyumbani saa tisa usiku kufuata nyanya shambani, akarudi mjini kabla soko halijafunguka, hukaa barabarani saa nyingi peke yake. Redio iliyokuja na gari huwa imechoka, na spika za milangoni zimetoboka. Kutaka muziki mzuri ni haki yake.

Hata hivyo, fedha inayotumika ni ya biashara, na gari linalofungwa vyombo hivyo ndilo linalobeba mzigo. Siku ya gulio gari lisipowaka kwa sababu betri imeisha chaji, hasara haiko kwenye muziki. Iko kwenye matenga ya nyanya yanayolainika na kwa mteja aliyesubiri hadi akachukua za mwingine. Na waya ukishika moto chini ya zulia la gari, hasara ni gari lenyewe, na pengine mtu aliyemo.

Ndiyo maana habari hii imepata nafasi katika kurasa za biashara na kilimo. Kufunga muziki kwenye gari la zamani ni uwekezaji kama uwekezaji mwingine, na una kikomo ambacho wauzaji wengi hawakitaji. Kikomo hicho hakiko kwenye spika wala kwenye namba kubwa iliyochapwa juu ya boksi. Kiko kwenye altaneta na kwenye waya.

Bajeti ya umeme wa gari

Umeme wote unaotumika gari likiwa limewashwa unatoka kwenye altaneta. Betri ni ghala tu: hutoa umeme wa kuwashia injini, kisha hurudishiwa. Altaneta ya gari dogo la zamani huandikwa ampia 40 hadi 70 kwenye kibati chake, kutegemea aina na umri. Magari mapya hubeba kubwa zaidi kwa sababu yana vifaa vingi vya umeme.

Chukua mfano wa Corolla yenye altaneta ya ampia 70, ikisafiri usiku wa mvua. Taa kubwa za mbele, za nyuma na za dashibodi zinakula kama ampia 11. Mfumo wa kuchoma mafuta pamoja na pampu yake, ampia 9. Waipa, ampia 5. Feni ya rejeta inapozunguka, ampia 9 nyingine. Hapo tayari ni 34. Dereva akiwasha kiyoyozi, ongeza kama ampia 14. Jumla ni 48, na kinachobaki kwa ajili ya muziki ni ampia 22.

Namba hizi zinatofautiana gari na gari, lakini njia ya hesabu ni ile ile: mapato, toa matumizi ya lazima, kinachobaki ndicho cha starehe. Ampia 22 kwa volti 13.8 ni takriban wati 300 zinazoingia kwenye amplifaya. Si zote zinazotoka kama sauti. Amplifaya za daraja D, ambazo ndizo zinazopendekezwa kwa sabufa, hutoa kama asilimia 80 ya zinachokula. Zile za daraja AB, za mtindo wa zamani, hutoa kati ya asilimia 50 na 60, na kinachobaki kinageuka joto. Kwa hiyo Corolla yetu inaweza kulisha wati 240 hivi mfululizo kwa amplifaya ya daraja D, au kama 165 kwa ile ya AB.

Kuna afueni kidogo, kwamba muziki hauli umeme mfululizo. Ngoma inapiga, inapumzika. Wastani wa muziki wa kawaida ni chini ya theluthi moja ya uwezo wa amplifaya, hivyo amplifaya ya wati 300 za kweli haitaielemea altaneta ya ampia 70 iliyo nzima.

Lakini ampia 70 hizo zinapatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama kwenye foleni, injini ikinguruma polepole, altaneta hiyo hiyo hutoa nusu yake au pungufu. Yaani ampia 35, wakati matumizi ya lazima peke yake ni 34. Kila mdundo unaopiga hapo unatoka kwenye betri. Wanaofanya kazi katika miji yenye foleni ndefu wasishangae betri zao zikifa mapema kuliko za wenzao wa mikoani.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza si dukani bali ni kwa fundi umeme wa magari mwenye maltimita. Injini ikiwa imezimwa usiku kucha, betri nzima yenye chaji kamili husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 ina nusu tu ya chaji, na ikisoma 11.9 iko karibu tupu. Injini ikiwashwa, namba hiyo inatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, altaneta ina ugonjwa, au mkanda unateleza, au vishikizo vya betri vimeota ule unga mweupe na kijani. Gari la namna hiyo lisifungwe kitu chochote kabla halijatibiwa.

Wati 1,500 zinazotoka wapi?

Boksi la amplifaya ya bei nafuu huandikwa wati 1,200, 1,500, hata 3,000. Mnunuzi anaona kama anapata bahati. Lakini amplifaya haiwezi kutoa umeme zaidi ya unaoingia, na unaoingia unapita kwenye fyuzi. Hesabu yake ni rahisi kiasi cha kufanyika ukiwa umesimama mbele ya kaunta.

Geuza amplifaya, soma namba iliyoandikwa kwenye fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Tuseme ni fyuzi moja ya ampia 30. Zidisha kwa 13.8, unapata wati 414. Hizo ndizo zinazoweza kuingia. Kwa daraja AB, zinazotoka ni kama 250; kwa daraja D, kama 330. Ile 1,500 ya kwenye boksi ni namba ya tangazo, ambayo labda kifaa kingeigusa kwa kufumba na kufumbua, labda kisingeigusa kabisa.

Namba ya kuulizia ni wati za RMS, yaani zile ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kukwaruza. Tangu mwaka 2003 viwanda vya Marekani vina kiwango cha hiari, kilichoanza kwa jina la CEA-2006, kinachoeleza jinsi ya kupima nguvu ya amplifaya za magari, na bidhaa zinazokifuata huandikwa hivyo. Zisizoandikwa si lazima ziwe mbovu, ila hapo tegemea fyuzi kuliko maneno ya muuzaji.

Wakulima wanaifahamu hadithi ya mbolea. Mfuko wa kwanza katika shamba lililochoka unaleta magunia mengi. Wa pili unaleta machache zaidi. Wa tano unaweza usilete kitu. Sisi wachumi wa kilimo tunaijengea mihadhara mizima kanuni hiyo, na sikio la binadamu linaitii vizuri kuliko mahindi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, kutoka wati 250 hadi 500, sauti inaongezeka desibeli 3, tofauti ambayo msikilizaji anaitambua kwa kutegesha sikio. Ili sauti isikike kama imeongezeka mara mbili, inabidi nguvu iongezwe karibu mara kumi. Hakuna altaneta ya Corolla inayofika huko.

Kwa hiyo anayeambiwa aongeze fedha ili atoke kwenye sabufa moja ya inchi 12 na amplifaya ya wati 300, aende kwenye mbili na wati 600, anaongezewa gharama kubwa, uzito mkubwa, njaa ya umeme, na badiliko dogo la sauti. Kwa mwenye gari la zamani, moja inatosha. Ya inchi 10 pia inatosha, na inachukua nafasi ndogo zaidi.

Waya ndio unaounguza gari

Hapa ndipo mafundi wa vichochoroni wanapobana matumizi, kwa sababu waya unafichwa chini ya zulia na mwenye gari hauoni. Akiuona mwisho wa kazi, anaona rangi nyekundu tu.

Amplifaya hufungwa nyuma ya gari, na umeme wake hutoka kwenye betri iliyo mbele. Kwa Corolla ni safari ya kama mita 5. Tuseme inavuta ampia 30 na fundi ametumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule unaotumika kwenye soketi za nyumba. Katika safari hiyo zaidi ya volti 1 inapotea, na wati 31 zinageuka joto ndani ya waya. Ikiwa amplifaya ni kubwa zaidi na inavuta ampia 45, joto linapanda hadi wati 71, kwa sababu joto huongezeka kwa kasi kuliko umeme wenyewe. Wati 71 ni balbu ya zamani inayowaka chini ya zulia kavu, karibu na povu la viti. Waya wa milimita 10 za mraba kwa ampia 30 unapoteza robo ya volti tu, na hauchemki. Kwa ampia 45, chukua wa milimita 16.

Waya wa nyumba una kasoro ya pili. Mara nyingi ndani yake mna nyuzi chache nene na ngumu, ambazo hukatika polepole gari linapotikisika kwenye barabara za vumbi. Waya wa gari uwe na nyuzi nyingi nyembamba, unaokunjika kama kamba.

Na kuna udanganyifu wa tatu, ambao umeenea pamoja na seti za waya za bei ya chini: nyuzi za alumini zilizopakwa shaba juu juu. Alumini hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene ule ule. Kuitambua si kazi. Kata ncha, kwaruza nyuzi kwa wembe. Zikitokea nyeupe ndani, ni alumini. Kama huna budi kuitumia, nunua yenye unene wa juu zaidi ya ule uliokusudia. Lakini kwa gari la kazi, afadhali ulipe shaba.

Fyuzi kuu nayo haina mjadala. Ifungwe kwenye waya mwekundu, ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Wengi hudhani fyuzi ile inalinda amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake. Fyuzi ya mbele inalinda waya: ikiwa utachubuka popote njiani na kugusa bati, betri itamwaga mamia ya ampia kwa mkupuo, na kitu pekee kitakachoukata umeme huo kabla ya moto ni fyuzi hiyo. Ikiwekwa nyuma karibu na amplifaya, mita 5 za waya ulio hai zinabaki bila ulinzi. Kwa waya wa milimita 10 na amplifaya ya ampia 30, fyuzi ya ampia 40 inafaa. Asikubali mtu fundi anayekunja karatasi ya sigara au kuzungushia uzi wa waya pale fyuzi ilipoungua.

Mahali waya unapochubuka ni pale unapopenya ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi. Tundu lolote linalotobolewa hapo liwekwe pete ya mpira, na waya uvalishwe mpira wa bomba. Magari ya zamani huwa na matundu ya asili yenye mipira iliyokauka na kupasuka. Mpira mpya ni bei ya soda.

Kisha ethi. Waya mweusi wa amplifaya uwe mnene sawa na mwekundu, mfupi usiozidi nusu mita, na ufungwe kwa bolti kwenye bati la bodi lililopigwa msasa hadi ling'ae. Rangi haipitishi umeme, na kutu vilevile. Katika gari la miaka 25 au 30 hata ule waya wa asili unaounganisha injini na bodi unaweza kuwa umeliwa na kutu, na matokeo yake ni mluzi kwenye spika unaopanda na kushuka unapokanyaga mafuta. Fundi asiyejua atauza kichujio cha kuzuia mluzi. Anayejua ataongeza waya mpya mnene kutoka betri hasi hadi kwenye bodi, mwingine kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi, na wa tatu kutoka altaneta hadi betri chanya. Kazi hiyo ya nusu saa humsaidia hata asiye na muziki. Taa zake huwaka vizuri na injini huitika haraka.

Nyaya nyembamba za sauti kutoka kwenye redio zipitishwe ubavu mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme. Kabla ya yote hayo, waya hasi wa betri ufunguliwe. Na kwenye gari lenye mifuko ya hewa, soketi za rangi ya njano zilizo chini ya dashibodi zisiguswe.

Magari mengi yaliyotumika yalianza maisha yao Japani, ambako redio za zamani hukamata masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90 tu, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Anayefikiria amplifaya basi ajue kwamba huenda gharama yake ya kwanza ni redio mpya. Hiyo ina faida nyingine, kwani redio za kisasa zina matundu ya kuchomekea nyaya za amplifaya, pamoja na waya mwembamba wa bluu, au wa bluu wenye mstari mweupe, unaoiamsha amplifaya redio inapowashwa. Anayebaki na redio ya zamani atahitaji kifaa kidogo cha kupunguza nguvu kutoka kwenye nyaya za spika, au amplifaya inayopokea nyaya hizo moja kwa moja. Lililo muhimu ni kwamba waya wa kuamshia usiunganishwe na umeme wa kudumu. Ukiunganishwa hivyo, amplifaya inabaki macho usiku kucha, na alfajiri gari haliwaki.

Sanduku na gunia

Sabufa bila sanduku ni kazi bure. Spika inaposukuma hewa mbele inavuta nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana besi inakufa. Sanduku lililofungwa kabisa kwa sabufa ya inchi 10 linahitaji ujazo wa lita 20 hadi 35, na kwa inchi 12, lita 30 hadi 50. Karatasi inayokuja na spika huwa inataja kipimo chake. Seremala yeyote mwenye msumeno ulionyooka anaweza kulitengeneza kwa mbao za MDF au plaiwudi ya milimita 18, gundi na skrubu, akaziba pembe za ndani kwa silikoni. Kwa gari linalobeba mboga mbichi plaiwudi ni bora, maana MDF ikinywa maji huvimba kama mkate.

Sasa pima sanduku la sabufa mbili za inchi 12. Urefu wa sentimita 90, kimo 40, kina 35. Ni kama lita 126. Gunia la kilo 100 za mahindi linachukua nafasi ya lita 140 hivi. Kwa maneno mengine, muziki wa namna hiyo unakaa mahali pa karibu gunia zima, kila safari, mwaka mzima, na haulipi nauli. Mwenye kubeba mayai ahesabu ni trei ngapi zingekaa hapo. Sanduku la sabufa moja ya inchi 10 linaweza kusimama pembeni ya buti bila kugombana na mzigo.

Lolote litakalochaguliwa, lifungwe kwa bolti au mikanda kwenye sakafu. Sanduku la kilo 30 lililoachwa huru kwenye gari lisilo na ukuta nyuma ya viti litaruka mbele dereva atakapokanyaga breki kwa ghafla.

Kuhusu kuunganisha, neno moja tu. Sabufa huandikwa omu, na amplifaya huandikwa omu za chini kabisa inazovumilia. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2. Amplifaya isiyoruhusu omu 2 itachemka na kufa, na dhamana ya dukani haitaigusa.

Wapo wanaotaka vyombo hivi kwa ajili ya biashara yenyewe: kupita vijijini wakitangaza vifaranga, mbegu au bei ya kununulia ufuta. Hao wasinunue sabufa hata moja. Sauti ya mtu anayezungumza inaeleweka kwa mawimbi ya kati, kuanzia kama 300 hadi 3,000 kwa sekunde, wakati kazi ya sabufa iko chini ya 100 hivi. Wanachohitaji ni spika za honi juu ya paa, kama zile za misikitini, na amplifaya ndogo ya maikrofoni. Honi inageuza umeme mdogo kuwa sauti inayofika mbali, na wati 50 tu zinasikika mtaa mzima. Waulizie pia kibali cha halmashauri, na wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2015, zinawahusu hata wao walio kwenye magurudumu. Wenye sabufa wanaofika msibani au hospitalini na mlango wazi zinawahusu zaidi.

Masikio nayo ni mtaji. Kelele ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukifika desibeli 100, kiwango ambacho ndani ya gari dogo lililofungwa vioo si kigumu kukifikia, umebakiza dakika 15.

Tuje kwenye fedha. Tuseme, kwa mfano tu, muuza mayai ametenga Sh500,000, na faida yake kwa trei ni Sh500. Ina maana ni faida ya trei 1,000 anayoiweka kwenye sauti, kabla ya mafuta ya ziada na betri. Akiridhika na hesabu hiyo, ni sawa, fedha ni yake. Ila mpangilio wa matumizi ubadilike. Kwa kawaida mnunuzi humaliza fedha kwenye sabufa na amplifaya, kisha vinavyobaki vinanunua waya. Inatakiwa kuwa kinyume: Sh100,000 za kwanza zitoke kwa ajili ya kupima altaneta, kufunga ethi mpya, waya wa shaba, pete za mpira na fyuzi, kisha redio kama haipo, kisha amplifaya inayolingana na kilichobaki cha umeme, na sabufa ndiyo inunuliwe mwisho. Fedha ikiishia njiani, atakuwa na gari lenye umeme mzima na redio inayokamata stesheni, jambo ambalo hata mnunuzi wa baadaye wa gari hilo atalilipia. Sabufa hulilipii mtu. Wengi wanaonunua gari la mzigo huanza kwa kuuliza litatolewa lini.

Mwenye bima kubwa amweleze wakala wake kabla ya kazi kuanza, maana moto uliotokana na waya ulioongezwa kimyakimya unaweza kuzua ubishi siku ya kudai fidia. Na kwa wenye tabia ya kupiga muziki injini ikiwa imezimwa, wakisubiri mzigo upakiwe: betri ya ampia-saa 50 ikivutwa ampia 15 inafika nusu ya chaji kabla ya saa mbili kutimia, na betri za kuwashia magari hazikutengenezwa kuzoea kushushwa hivyo. Kuwasha injini ili kuilinda betri kunachoma petroli karibu lita moja kwa saa, gari likiwa halijasogea hata hatua.

Kazi ikishakamilika, fundi asilipwe malipo ya mwisho mchana wa jua kali. Subirini giza liingie. Washa injini, taa kubwa, waipa, feni na muziki kwa sauti utakayotumia barabarani, kisha aweke maltimita kwenye betri. Ikisoma 13.5 au zaidi injini ikiwa na mwendo wa safari, mlipe. Ikishuka chini ya 13, kuna waya mwembamba, ethi mbovu, au amplifaya iliyo kubwa kuliko gari, na arekebishe kabla hajaondoka. Gusa waya mwekundu kwa kiganja kutoka mbele hadi nyuma. Usiwe na joto. Baada ya wiki mbili za barabara mbovu, rudi kwake akaze upya bolti ya ethi na vishikizo vya betri.